Kabla kijana hajapanda jahazi: mwongozo wa kuzuia ugaidi kuanzia nyumbani

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu mawili yaliyopakiwa kwenye magari yaliripuka kwa kupishana dakika chache mbele ya balozi za Marekani, moja Nairobi na jengine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, wengi wao Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao. Baadaye mahakama ya New York iliwatia hatiani vijana wawili wazaliwa wa visiwa hivi vya Zanzibar, mmoja mwaka 2001 na mwengine 2010. Wote wawili walipewa kifungo cha maisha.

Nikiitaja habari hii barazani, watu huinamia vikombe vya kahawa. Si kwamba hawaijui. Kila mmoja anawaza la kwake: wale nao walikuwa na mama, walisoma chuo cha Qur'ani, walicheza mpira mchangani kama hawa wetu. Nani aliona mabadiliko yao, na aliyeona angemwambia nani?

Askari wana miongozo yao. Huu ni wa mzazi, maalim, sheha, padri na mwenye duka la kona. Mimi nimesomesha watoto chuoni Pemba kwa miaka mingi na nimekaa kwenye kamati ya shehia, yaani mtaa unaoongozwa na sheha, na nililojifunza ni hili: anayeona mwanzo ni mtu wa nyumbani, naye hatofungua mdomo ikiwa anajua kusema ni kumpoteza mwanawe. Kwa hiyo hatua nyingi hapa ni za kumtengenezea mtu huyo njia ya kusema.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Ugaidi ni kutumia nguvu, au kutishia kuitumia, dhidi ya watu wasiohusika na vita ili kuwatia hofu wengi na kulazimisha jambo la kisiasa au la kiitikadi. Hivyo tu. Kukosoa serikali si ugaidi. Kuwa katika chama cha upinzani si ugaidi. Kufuga ndevu, kukata suruali juu ya kifundo, kuvaa nikabu, kuhudhuria Alfajiri msikitini kila siku, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya kumtilia mtu shaka. Mtu akianza kuswali na wewe ukaanza kumchungulia, umeshamfukuza kwako.

Tunavyo vipimo vyetu wenyewe. Novemba 2012 katibu wa Mufti wa Zanzibar alimwagiwa tindikali akiwa katika mazoezi ya asubuhi. Siku ya Krismasi mwaka huohuo padri alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kanisani kwa ibada. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kufundisha walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe, na mwezi uliofuata padri mwengine naye alimwagiwa. Juni 2014 mripuko ulimuua mtu karibu na msikiti pale Darajani. Ukiisoma orodha hiyo vizuri utaona sheikh yumo, padri yumo, mgeni yumo. Anayekwambia haya ni ya dini fulani dhidi ya dini fulani hajaihesabu.

Hatua ya pili: tazama mwenendo, si mavazi

Kinachostahili kukushtua ni mambo kadhaa yakija pamoja ndani ya muda mfupi. Kijana anakata mguu kwa marafiki wa miaka yote bila ugomvi wowote. Anakuwa na simu ya pili, au laini ambayo hataki mtu aione, na anatoka nje kila ikilia. Anauza vitu vyake, baskeli, vespa, nyavu, bila kununua chengine. Anaanza kuwakufurisha watu: mzee wake kafiri, imamu wake kafiri, waliopiga kura makafiri. Ana "mwalimu" ambaye hana jina, hana msikiti, hana mtu anayemjua, ila sauti kwenye Telegram. Anazungumza juu ya kuhama, kisha anaomba radhi kwa watu kama anayeaga.

Halafu kuna kazi. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, na haufanani na mtego. Mtu anaambiwa kuna kazi ya uvuvi, ya ujenzi, ya kuuza duka upande wa kusini, nauli inalipwa na mwajiri, na asimwambie mtu mpaka afike. Oktoba 2017 wapiganaji waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia kaskazini mwa Msumbiji, na tangu hapo vita vya mkoa wa Cabo Delgado vimewahamisha watu zaidi ya milioni moja. Si mbali kama ramani inavyotaka uamini. Pwani ile ina watu wanaozungumza Kimwani, lugha ambayo mvuvi wa Kojani, kwetu Pemba, akisikiliza kwa makini hakosi kitu cha kushika, na mji mkuu wa mkoa ule nao unaitwa Pemba. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto Ruvuma wakakivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kwa hiyo kijana akisema amepata kazi huko, muulize maswali ambayo ungemuuliza hata akisema anakwenda Oman: mwajiri nani, namba yake ipi, nani mwengine kutoka kwetu yuko naye, mshahara unalipwaje. Mwajiri wa kweli hachukii maswali haya.

Hatua ya tatu: zungumza kabla ya kushitaki

Mama mmoja alinijia baada ya Alasiri, kajitanda buibui vibaya, kandambili za mguu huu na mguu huu. "Maalim," akasema, "mwanangu kauza baskeli. Halali usingizi. Usiku yuko na simu mpaka adhana. Nimemuuliza, kaniambia mama niombee tu." Nilihisi ubaridi mgongoni, sikufichi. Baadhi ya niliyoyaorodhesha hapo juu yalikuwepo.

Nikamwambia, "Bi mkubwa, usimwambie mtu mwengine leo. Ami yake yuko?" Ami yake alikuwapo, mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, mtu wa maneno machache. Tukamwomba amchukue kijana baharini siku mbili. Siku ya pili, wakiwa wanavuta dema, yule kijana akalia. Alikuwa anadaiwa. Alicheza kamari za mpira kwenye simu mpaka akakopa kwa watu wasiokopeka.

Ninalisimulia hili kwa sababu mbili. Kwanza, alama si ushahidi. Tungekwenda kituoni siku ile ile na neno "ugaidi" mdomoni, sijui kama tungeweza kulirudisha. Pili, kijana mwenye deni, mwenye aibu na asiyelala ndiye hasa anayetafutwa na wale wa kazi ya kusini. Tulilipa deni kwa mchango wa ukoo. Baskeli haikurudi.

Sasa namna ya kuzungumza. Usimwite mbele za watu. Mchague mtu anayemheshimu bila kumwogopa; mara nyingi si baba. Ni mjomba, ami, bibi, kocha wa timu, au rafiki aliyekwishaoa. Mpe kazi ya mikono wakati mnazungumza, maana kijana akiwa na kamba mkononi husema zaidi kuliko akikaa juu ya kiti. Anza kwa kuuliza, na vumilia kunyamaza kwake. Usimkejeli yule "mwalimu" wake wa simu siku ya kwanza. Ukimtukana, umempa sababu ya kumtetea. Uliza amefundishwa nini, kisha omba mwende pamoja kwa mtu mwenye elimu mkaulize. Anayekataa kabisa jambo hilo, hata kwa sheikh anayemchagua yeye mwenyewe, hapo ndipo pa kuanza kuwa na wasiwasi wa kweli.

Kama ni Mwislamu, ipo hadithi mashuhuri ambayo nimeona ikifanya kazi kuliko mihadhara ya saa nzima. Mtu alimwendea Mtume (s.a.w.) akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa: wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa basi jihadi yake iko kwao. Isome mama yake akiwepo.

Hatua ya nne: tengeneza njia ya kusema

Hapa ndipo mambo mengi hukwama, na nitasema wazi kwa nini. Visiwani watu wengi wanaliogopa neno polisi kuliko wanavyomwogopa gaidi. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka kwa mashtaka ya ugaidi, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi wakaachiwa. Uwe uliwapenda au hukuwapenda, mama aliyeyaona yale hatompeleka mwanawe kituoni kwa mguu wake. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, UNDP, uliwahoji watu waliojiunga na makundi haya katika nchi kadhaa za Afrika, na ripoti yao ya mwaka 2017 ilionesha kuwa asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma kuvuka mstari. Kwa hiyo mkono mzito haulindi. Unawachagulia wapiganaji askari wapya.

Kamati ya shehia ikae siku moja, kabla hakujatokea chochote, ikubaliane mambo haya. Nani wawili watatu wanaoweza kupokea siri: angalau mwanamke mmoja, maana wanaoona ni kina mama, na angalau mtu mmoja ambaye si wa chama cha sheha. Sheha peke yake hatoshi. Wapo watu ambao hawatogonga mlango wake hata nyumba ikiungua. Jambo lisiandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Na mkuu wa kituo cha polisi aje akae nanyi, anywe chai, ajibu maswali, tena akiwa kavaa nguo za kawaida kama anaweza. Polisi jamii bila mazoea ni ubao wa tangazo tu.

Kisha muwekeane mpaka. Mabadiliko ya tabia, maneno makali, udini wa ghafla: hayo ni ya familia na wazee. Lakini silaha, vifaa vya kuripua, shabaha iliyotajwa kwa jina, tarehe ya safari ya kujiunga, au kijana aliyekwishaondoka: hapo hakuna kikao tena. Piga 112 au nenda kituoni saa hiyo hiyo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi tangu mwaka 2002, na kukaa kimya juu ya njama unayoijua kunaweza kukutia wewe mwenyewe hatiani.

Ukienda, usiende peke yako. Nenda na mzee mwengine, andika jina la ofisa aliyekupokea na saa, sema ulichokiona kwa macho na ulichosikia kwa masikio, na utenganishe na unachokidhani. Kama kijana ameshikwa, familia itafute mwanasheria siku hiyo hiyo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na wasaidizi wa sheria walioko majimboni wanaweza kuwaelekeza. Ulizeni yuko wapi, na mrudi kuuliza kesho, na keshokutwa. Familia inayoulizia kwa adabu kila siku humlinda mtu wake kuliko inayopiga kelele siku moja ikachoka.

Hatua ya tano: chuoni, skuli na msikitini

Ripoti ile ile ya 2017 ina jengine ambalo sisi maalim hatupaswi kulikwepa: asilimia 57 ya waliohojiwa walikiri kwamba hawasomi wala hawaelewi maandiko ya dini, au wanaelewa kidogo sana. Yaani hawakupotea kwa kusoma sana. Walipotea kwa kutosoma, wakapokea kipande cha aya kwenye video ya dakika mbili.

Basi tusiwafundishe watoto kuhifadhi tu. Wafundishwe historia, pamoja na mahali palipotuumiza. Wajue kwamba Sayyidna Ali aliuawa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 661 na Mwislamu aliyedhani anaitumikia dini kwa kumkufurisha. Mtoto aliyeyasikia haya akiwa na miaka kumi na mbili hashangai akikutana na "mwalimu" wa simu, anamtambua. Wajue pia wanakotoka. Masultani wetu walikuwa Maibadhi, raia wengi Mashafii, na hatua chache ndani ya Mji Mkongwe zinakutoa msikiti wa Mashia hadi hekalu la Wahindu hadi kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Watu hao hawakupendana kila siku, tusidanganyane. Lakini walijua kukaa.

Skuli nazo, na hasa vijana waliomaliza wakakaa. Sina maneno mengi hapo: timu ya mpira yenye jezi na kocha anayewajua majina, zamu za doria ya ufukwe, mafunzo ya ufundi, mkopo mdogo wa mwani au wa kuku. Kijana anayengojewa mahali fulani saa kumi jioni ni vigumu kumwiba.

Hatua ya sita: milango ya kuingilia

Hili ni fupi. Mwenye gesti au nyumba ya kukodisha aandike kitambulisho cha kila mpangaji, hata akiletwa na shemeji yake. Mafundi betri na wenye maduka wafungie tindikali kwa kufuli na wajue wanamuuzia nani. Nahodha asichukue abiria usiku asiyetaka jina lake liandikwe. Begi lililoachwa bandarini Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, lisisogezwe wala lisifunguliwe. Waondoshe watu, ita askari.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Tuna tabia moja ambayo itatuua. Tukisikia kishindo, tunakimbilia kishindo. Nairobi mwaka 1998 kulitangulia milio, watu maofisini wakasogea madirishani kuangalia, kisha bomu kubwa likaripuka. Wengi walipofushwa na vioo. Kwa hiyo ukisikia mlio wa kwanza, lala chini, jiweke nyuma ya ukuta, mbali na dirisha, kaa hapo. Ukiweza kutoka, toka kwa upande usio na kishindo, acha mzigo, usijikusanye na wengine nje ya mlango, maana mripuko wa pili huwangoja waliokusanyika. Huwezi kutoka? Funga mlango, uzuie kwa meza, zima taa, simu iwe kimya kabisa pamoja na mtetemo. Ukipata nafasi, 112: uko wapi, wangapi, nini umekiona. Askari wakiingia, mikono juu na mitupu. Usimkimbilie kumkumbatia.

Mtu anavuja damu kwa nguvu: bonyeza juu ya jeraha kwa kitambaa, kwa uzito wako wote, usiachie kila mara kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, funga mtandio au mkanda mpana juu ya jeraha kwa vidole vinne hivi, si juu ya kiungo, pitisha kijiti na ukisokote mpaka damu ikome. Ataumia, atakutukana. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake kwa kalamu na usifungue, hospitali watafungua.

Tindikali nitaieleza taratibu, kwa sababu ni yetu. Anapomwagiwa mtu, kila anayesimama karibu ana dawa yake: mafuta, dawa ya meno, ute wa yai, asali. Hapana. Maji, na maji mengi, na maji mara moja. Bomba, ndoo, chupa za kunywa za duka zima, chochote safi kilicho karibu. Yamwagike juu ya ngozi na kuteremka, si kulowesha kitambaa na kusugua. Mvue nguo zilizolowa huku unamwagia, kata kama hazitoki, vua saa, mkufu na pete. Jilinde mikono yako kwa mfuko wa plastiki. Jicho likiwa limeingiwa, mlaze upande wa jicho hilo ili maji yasipite kwenye jicho lisiloingiwa. Hesabu dakika 20 kwa saa, si kwa kukadiria, na uendelee kumwagia hata ndani ya gari mpaka Mnazi Mmoja au hospitali yoyote iliyo karibu. Mwanamke akivuliwa nguo hadharani, wanawake wasimame duara na kanga zao. Fanyeni mazoezi ya hili mara moja shehiani, na ndoo. Watoto watacheka. Wacheke, watakumbuka.

Hatua ya nane: siku saba zinazofuata

Waliotenda hawataki tu wafu. Wanataka mtaa uamke ukamchome moto jirani asiyehusika. Oktoba 2012 kutoonekana kwa kiongozi mmoja wa Uamsho kwa siku chache kulizua ghasia mjini, na askari polisi akauawa, kabla watu hawajajua kisa ni nini. Kwa hiyo usisambaze picha ya maiti, usisambaze jina la mshukiwa, usisambaze sauti isiyo na mwenyewe. Kamati iwe na mtu mmoja wa kutoa habari, aseme kila saa hata kama hana jipya: "Bado hatujajua." Maneno hayo mawili huzima uvumi mwingi.

Na nendeni. Ikipigwa kanisa, wazee wa msikiti wafike kabla ya jua kuchwa, wakae kwenye mikeka, wasilete hotuba. Ukipigwa msikiti, kadhalika. Chakula kipikwe na majirani wa pande zote. Hotuba zitakuja na wakubwa, zipo siku zote.

Hatua ya tisa: anayerudi

Wengine hurudi, wengine hugeuka njiani wakiwa bado bandarini. Habari zake zifike polisi kupitia mwanasheria na mzee anayeaminika, si kwa kufumaniwa; kujisalimisha kunahesabika. Baada ya hapo, kama ameachiwa, asikae peke yake. Wiki za mwanzo alale chumba kimoja na ndugu. Simu yake iwe ya vibonye. Asiitwe jina la alikokwenda, wala kwa mzaha, wala kijiweni. Watoto wasiambiwe wamkimbie. Mpe nafasi kwenye safu msikitini na kazi yenye saa maalumu. Yule ami mvuvi ana madema kumi na mawili na watu wawili tu wa kuyavuta. Nilipomuuliza kama angempokea kijana wa namna hiyo, alifikiri muda mrefu, akaniuliza kama anajua kuogelea.